Chenji ya Harusi na Mbu wa Mabogini

(Mhadhara uliotolewa Moshi, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu waliojiandikisha kujitolea katika mfuko mdogo unaowasaidia wanafunzi wa sayansi wa uzamili na uzamivu. Mzungumzaji ni mweka hazina wa mfuko.)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona. (Kicheko.)

Nikiri mapema: mimi sayansi niliiacha kidato cha pili. Miaka yangu ya kazi niliimalizia dirishani benki, nikihesabu fedha za watu. Kwa hiyo mkinisikia natamka jina la mdudu kwa Kilatini, mjue nimelikariri usiku wa jana.

Mfuko huu haukuzaliwa kwenye semina. Ulizaliwa kwenye kamati ya harusi. Mnaijua kazi hiyo: kadi, vikao, simu za kukumbushana ahadi, mtu anaahidi laki mbili halafu anazima simu. Harusi ikapita salama, na kwenye daftari langu ikabaki shilingi 740,000. Desturi mnaijua pia. Kuna siku ya kuvunja kamati, mbuzi anachinjwa, kitabu kinafungwa. Siku hiyo mbuzi alikuwa ameshafungwa kamba kwenye mti pale nyuma, mama mmoja akasema, "Jamani, mimi nina mpangaji anasoma uzamili. Hajanilipa kodi miezi mitatu. Ananiambia ada imelipwa yote, ila amekwama kwa mbu."

Tulicheka sana. Kukwama kwa mbu! Tukamwita binti aje ale nyama atueleze.

Akatueleza. Mabogini na Chekereni, kule kwenye mpunga wa umwagiliaji, maji yanatulia majarubani, na maji yaliyotulia juani ndiyo kitanda cha uzazi cha mbu anayeitwa Anopheles arabiensis. (Nimelitamka?) Mbu huyu ni mjanja. Anamuuma mtu, anamuuma na ng'ombe, na wakati mwingine anamkuta mtu nje kabla hajaingia kwenye chandarua. Kwa hiyo huwezi kugawa vyandarua ukaenda kulala. Lazima mtu ahesabu: yuko wapi, anauma saa ngapi, dawa iliyoko kwenye chandarua bado inamuua au ameshaizoea. Kuhesabu huko ni mitego ya taa, inatundikwa jioni na kukusanywa alfajiri, kabla sisimizi hawajala sampuli.

Alfajiri. Saa kumi na moja, kutoka mjini kwenda Mabogini, kila siku ya kukusanya, kwa miezi. Ufadhili wake ulikuwa unalipa ada moja kwa moja chuoni. Posho ilikuwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi ndiko ilikobaki. Bodaboda naye hakopeshi kwa barua ya chuo.

Mbuzi tulimla, nisiwadanganye. Lakini zile 740,000 zote zilikwenda kwenye pikipiki, betri za mitego na kodi ya yule mama. Kamati haijavunjika mpaka leo.

Sasa niwaeleze pengo liko wapi, maana wengi wenu mmeniuliza, "Si kuna mikopo?" Ipo. Bodi ya Mikopo ina sheria yake ya 2004, na sehemu kubwa ya fedha zake inakwenda kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Mwaka 2022 ukaja ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Jambo zuri, nami nalipigia makofi. Ila kijana akishavua lile joho la kwanza, njia inakuwa nyembamba ghafla. Pale Tengeru, Arusha, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela haina mwanafunzi wa shahada ya kwanza hata mmoja. Wote ni uzamili na uzamivu. Ukishuka kwenye Hiace hapo ukawauliza kumi wamekwamia wapi, wa ada utampata, lakini utasikia zaidi habari za vitu vidogo. Kibali cha maadili ya utafiti kinasubiriwa, na huku kodi ya chumba haisubiri. Barua ya chuo iende mkoani, mkoani iende wilayani, wilayani ishuke kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila barua ni nauli. Bando. Kudurufu dodoso. Mwanamke mwenye mtoto mchanga anahitaji dada wa kazi ili aingie maabara. Hayo hayaandikwi kwenye andiko la utafiti, na mfadhili mkubwa hayaoni.

Halafu kuna vitendanishi. Hizi ni kemikali za vipimo, nyingi zinaagizwa nje na zinasafiri kwenye barafu. Zikikaa uwanja wa ndege siku nne kwa sababu karatasi moja haijagongwa muhuri, barafu inayeyuka, na ulichobaki nacho ni chupa ya maji ya bei mbaya. Sampuli zenyewe zinatunzwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Usiku mmoja umeme ulikatika kwenye maabara moja, sitaitaja, na jenereta ikagoma. Kijana wetu alipiga simu saa saba usiku analia kabisa, kazi ya mwaka mzima iko ndani ya lile friza. Miongoni mwetu kuna fundi wa jenereta, darasa la saba, yupo hapa ameinamisha kichwa. Aliondoka na koti juu ya nguo za kulalia. Tatizo lilikuwa hewa kwenye mpira wa dizeli. Dakika ishirini. Yule kijana leo tasnifu yake ina ukurasa wa shukrani, na jina la fundi limetangulia la msimamizi wake. (Makofi.) Simama mzee wakuone. Haya, hataki.

Baadaye mwanafunzi wetu mmoja alitucheka. "Mama, hamjabuni kitu." Akanieleza kwamba tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na Wamarekani wakaingiwa na hofu kwamba wameachwa nyuma kisayansi. Mwaka uliofuata wanawake wa Los Angeles wakaanzisha ARCS Foundation kuwachangia wanafunzi wa sayansi, wakianza na chuo cha Caltech. Leo wana matawi miji mingi, na bado yanaendeshwa kwa kujitolea. Wanawapa raia wa Marekani, kwa hiyo wa Kibosho asijisumbue. (Kicheko.) Lakini kitu kimoja chao kilinikaa kooni. Kwa kawaida hela yao haimbani mwanafunzi atumie kwa hiki tu au kile tu. Mimi ni mtu wa benki! Mwaka wa kwanza nilidai risiti ya kila andazi. Binti wa mbu alikuwa anatumia nusu siku kila wiki kunikusanyia risiti za bodaboda, na bodaboda gani anatoa risiti? Alikuwa anaziandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Niligundua, nikanyamaza kwa aibu. Siku hizi naomba ukurasa mmoja kwa muhula: umefanya nini, umekwama wapi. Basi.

Kuna mtu atasema, mimi si mwanasayansi, si fundi, hela sina, nitajitolea nini? Nenda kasikilize. Simaanishi kusikiliza kwa huruma, namaanisha kuuliza. Mnajua maji ya upande wa Meru. Mahali pameitwa Maji ya Chai na wenyeji wenyewe kwa rangi ya maji yake. Miamba ya volkano inatoa floraidi, na ikizidi, meno ya mtoto yanakuwa kahawia yangali yanaota, na ikizidi sana mifupa inapinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi huko zinazoupita mpaka huo mara nyingi. Dawa mojawapo ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa kiasi, inapondwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inashikwa. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti miaka mingi Ngurdoto. Na Tengeru nako alitoka Dk. Askwar Hilonga na chujio lake, lililopata tuzo ya Afrika ya wahandisi wa Uingereza mwaka 2015, ya kwanza kabisa kutolewa.

Kijana wetu mmoja anafanyia kazi mkaa huo huo. Akaja kutuonyesha grafu zake, nzuri sana, mistari inapanda na kushuka. Tukapiga makofi bila kuelewa. Mama mmoja wa Usa River, anauza mboga, akauliza, "Baba, ndoo moja ya huo mkaa inachuja siku ngapi kabla haijachoka? Na mimi nitajuaje kwamba imechoka, wakati maji yatakuwa bado meupe?" Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mkaa unashiba, ukishashiba maji yanapita na floraidi yake, na macho hayaoni tofauti. Swali lile sasa ni sura nzima ya tasnifu yake. Aliporudi chuoni msimamizi wake alimuuliza nani kamshauri.

Na tukiwa Moshi siwezi kumruka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko shule ya sekondari Magamba, kidato cha tatu, wanatengeneza aiskrimu ya maziwa. Anaogopa kukosa nafasi kwenye friji, anaingiza maziwa ya moto, na yake yanaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akiuliza, anaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akauliza tena, darasa likamcheka tena. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kwenda kujaribu, na alijaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa hapa hapa juu, chuo cha wanyamapori Mweka. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo lile hadi leo. Angalieni Osborne alitoa nini: friji na mchana mmoja wa fundi wa maabara. Sijasikia popote kwamba alitoa hundi.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Tulikuwa na mwanafunzi wa pili tangu mfuko uanze, mwerevu mno. Katikati ya utafiti alipata kazi akaacha. Hakuaga. Kikao kiliwaka moto: alipe, aandikiwe barua, jina lake libandikwe ukumbini. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira kuliko wote, maana nilimdhamini. Hadi mzee mmoja alipouliza tulimpa shilingi ngapi kwa mwezi, na kazi ile ilimlipa ngapi, na mama yake anaumwa nini. Hatukujua hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho. Tulikuwa tunampigia kumuuliza ripoti tu.

Kosa lingine ni langu peke yangu. Nilimlazimisha yule binti wa mbu asimame kanisani Jumapili aeleze alivyokuwa na shida na tulivyomwokoa. Nilitaka sadaka iongezeke, na iliongezeka. Yeye alishuka akapita mlango wa pembeni, na kwa wiki sita hakupokea simu yangu. Mtu anayefanya kazi ambayo sisi hatuiwezi nilimsimamisha kama ombaomba. Nilimfuata Mabogini kwenye mitego yake kuomba radhi, saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa na nafasi, na akanipa tochi nimshikie. Tangu hapo picha za hundi ya boksi hatupigi. Anayetaka kuonekana aende kamati nyingine, ziko nyingi, na zina nyama.

Wengine mnaona haya mambo ya maabara ni ya mbali. Mwenye kahawa mpya shambani, ile isiyoshambuliwa sana na ugonjwa wa chule buni, anyooshe mkono. Mnaona. Ile miche ilitoka kwa watafiti wa Lyamungu, na nao walikuwa wanafunzi, walilala njaa kwenye vyumba vya kupanga. Na wazee wetu tangu mwaka 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa, na kahawa hiyo imejenga madarasa mangapi kwenye huu mlima? Sisi michango tunaijua. Tumeizoesha njia ya ukumbi wa harusi tu.

Nimalizie na ya wiki hii. Kwenye akaunti tuna shilingi 212,000, daftari liko mezani, kila mtu aje alisome. Kuna binti mpya wa uzamivu anaanza mitego Mabogini Jumatatu, wiki mbili mfululizo, na ana mzigo wa mitego kumi na miwili ambao haupandi pikipiki. Nahitaji gari, hata kama ni pikapu ya kubebea majani ya ng'ombe, na dereva anayeweza kuamka saa kumi. Nani?

Yule wa Majengo. Asante baba. Na wewe kijana wa mlangoni, mbona umenyoosha mkono nusu?