Jino ni la Mama, Aelezwe Mama

Watazamaji wangu wa Nairobi, hamjambo. Leo ninazungumza na madaktari wa meno huko nyumbani, hasa wanaotibu wazazi wa sisi tunaolipa tukiwa mbali.

Mama yangu anaishi Buruburu. Alipoumwa na gego la chini, daktari wa kliniki moja alinipigia simu huku Leicester, Uingereza, akanifafanulia kwamba gego lingeweza kutibiwa mzizi, yaani kusafishwa ndani na kuzibwa ili libaki, au kung'olewa, akanitajia na bei zote mbili, ilhali mwenye jino, aliyekuwa kitini mbele yake, alikuwa ameambiwa tu, "Mama, fungua mdomo." Sauti ilikuwa ya upole, sikatai, lakini upole usio na maelezo haumsaidii mtu kuamua.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 haimtaji mwenye M-Pesa. Inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa, na inapowezekana atumie lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Kwa meno jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ganzi ikishaingia na mdomo ukishajaa pamba na mrija wa kunyonya mate, mgonjwa hana tena namna ya kuuliza. Maelezo yote yatangulie sindano, na wakubaliane kabisa kwamba akiinua mkono, kazi inasimama.

Uingereza nako si peponi. Nimewahi kutibiwa na daktari aliyeitazama kompyuta zaidi kuliko alivyonitazama mimi. Hata hivyo, mwaka 2013 daktari Kate Granger, akiwa mwenyewe mgonjwa wa saratani, aligundua kwamba wahudumu wengi walimjia bila kujitambulisha, akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wataje majina yao kwanza.

Nilimwomba yule daktari aanze upya na mama. Mama akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: gego la chini likitoka, la juu litabaki mahali pake? Daktari akamjibu kwamba linaweza kushuka taratibu likikosa la kukutana nalo, na mama akachagua kutibiwa mzizi.

Niambieni hapo chini: daktari wenu huwatajia gharama kabla ya ganzi, au baada yake?