Mega Drive au Super Nintendo: Jinsi ya Kulinganisha Grafiki Bila Kuonea Mashine

Karibuni sana wadau wa gemu. Leo tuko Mwanjelwa, Mbeya, na hapa mezani kuna mashine mbili za zamani za kuchezea gemu: Mega Drive ya Sega na Super Nintendo. Ubishi wa ipi ina grafiki kali ni wa miaka mingi, na siku hizi watu wanauamua kwa kutazama picha kwenye simu. Usifanye hivyo. Gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya TV ya chogo. Ukiiweka TV hiyo kando unazionea zote mbili, na anayeumia zaidi ni Mega Drive. Nitakuonyesha kwa macho.

Hatua ya kwanza, tafuta TV ya chogo. Pita kwa mafundi wa TV, bado utazikuta. Hakikisha ina matundu ya AV, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Iwashe, kisha kagua kona za kioo. Ukiona doa la zambarau au kijani kwenye kona moja, sogeza spika mbali, maana sumaku yake inavuta rangi.

Hatua ya pili, soma adapta kabla hujachomeka. Usipite haraka hapa. Mashine iliyotoka Japani huja na adapta ya volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Utaunguza. Tena usiazimishe adapta ya mashine moja kwa nyingine hata kama kichwa kinaingia. Na ikiwa mashine ni ya NTSC, yaani mfumo wa picha wa Japani au Marekani, halafu TV yako inasoma mfumo mwingine, PAL, tu, utapata picha nyeusi na nyeupe au picha inayokimbia. Hapo tatizo ni mfumo, mashine haijafa.

Hatua ya tatu, tumia TV ileile, tundu lilelile, waya wa aina ileile. Weka rangi na mwanga katikati, halafu weka rimoti chini. Usiiguse tena mpaka tumalize.

Ile milia myeusi inayopanda kwenye video yangu inatokana na kamera ya simu. Kama nawe unarekodi TV ya PAL, ingia kwenye mipangilio ya kamera, weka kasi ya shata 1/50 ya sekunde, itatulia.

Sasa kaseti. Chomeka Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 kwenye Mega Drive. Nenda Green Hill, eneo la kwanza la gemu, hadi kwenye maporomoko ya maji, simama. Nasogeza kamera karibu na kioo. Maji yamechorwa kwa milia ya wima, mmoja una rangi, unaofuata uko wazi. Rudi nyuma hatua mbili: milia imeyeyuka, unaona mwamba kupitia maji! Mega Drive haina uwezo wa kuchanganya rangi za tabaka mbili ili kitu kionekane kama kioo, kwa hiyo wachoraji waliutumia ukungu ambao waya wa AV huleta kwenye picha kufanya kazi hiyo. Kwenye TV bapa yenye picha kali unabaki na milia mitupu, na mtu anasema Sega ni mbovu. Kwangu mimi huu ni ufundi wa hali ya juu.

Zima, hamia Super Nintendo. Weka F-Zero ya 1990, gemu la mbio. Barabara nzima inazunguka na kulala chini yako. Hiyo ni Mode 7, mashine inachukua picha moja bapa na kuigeuza, mstari kwa mstari. Kwenye rangi pia Super Nintendo inashinda wazi: inaweza kuonyesha 256 kwa wakati mmoja kutoka 32,768, wakati Mega Drive kwa kawaida inaonyesha 61 kutoka 512. Ukitaka kuliona hilo, weka gemu la ngumi Street Fighter II kwenye zote, chagua mpiganaji Ryu, tazama ngozi na anga ya nyuma. Hakuna haja ya kubishana.

Lakini usifunge hesabu, maana picha ni pamoja na mwendo. Weka Gradius III kwenye Super Nintendo, acha risasi zijae kiooni: gemu linakuwa zito, linaburuzika. Kisha weka Gunstar Heroes ya 1993 kwenye Mega Drive. Milipuko kila upande, na mkono wako bado unaitikiwa. Mega Drive pia huwa na vitone 320 kwa upana, mwenzake kwa kawaida 256, ndiyo maana uwanja unaonekana mpana. Kwa gemu za kukimbia na kupiga, mimi nachagua Mega Drive. Kwa mandhari, Super Nintendo.

Na kama chogo hukupata, programu nyingi zinazoiga mashine hizi kwenye kompyuta zina kichujio cha TV ya zamani. Chagua kinachoiga waya wa AV, maana cha kuchora mistari peke yake hakitoshi. Kijaribu kwa Sonic kwanza, kisha endelea na kaseti nyingine.