Kivuli Kinahama: Mbwa Ndani ya Gari Lililoegeshwa Juani

MWALIMU: Habari za wakati huu, msikilizaji. Tunazungumza nawe tukiwa hapa Dodoma, na mada yetu ya leo ni mbwa anayeachwa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa, huku mwenye gari akiwa ameingia dukani, benki au sokoni. Mwenzangu katika kipindi hiki, kama mnavyomfahamu, ni daktari wa mifugo. Daktari, karibu.

DAKTARI: Asante sana, na shikamoo Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Nianze na swali ambalo najua wasikilizaji wengi wanalo. Mbwa wetu wa Dodoma hushinda nje kutwa nzima, na saa saba mchana utamkuta amelala mchangani wala hana wasiwasi. Mbwa wa namna hiyo dakika kumi za garini zitamfanya nini?

DAKTARI: Huyo mbwa aliyelala mchangani, Mwalimu, hebu mtazame vizuri siku moja. Kabla hajalala atafukua kidogo kwa miguu ya mbele mpaka aufikie udongo wa chini ambao haujapata moto, kisha ataliweka tumbo lake pale. Kivuli cha ukuta kikisogea, naye anasogea. Akisikia kiu anajua beseni la kuku liko wapi. Anavumilia jua kwa sababu yuko huru kulikimbia, na gari humnyang'anya uhuru huo wote mara moja, kwani hawezi kufukua, hawezi kuhama, upepo haumfikii na maji hana.

MWALIMU: Na mwili wake wenyewe haumsaidii?

DAKTARI: Humsaidia kwa njia moja kubwa, nayo ni kutweta. Mimi na wewe tunatoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mbwa ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, na hizo hazitoshi kumpoza, kwa hiyo hutoa ulimi, huvuta pumzi za harakaharaka, na unyevu wa ulimi na njia ya hewa ukigeuka mvuke ndiyo nafuu yake. Sasa fikiria anafanya hivyo ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kila pumzi anayotoa inaongeza unyevu katika hewa ileile anayoivuta tena, na hewa ikishajaa unyevu, mate ya ulimini hayakauki. Anatweta kwa nguvu zaidi, na kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli inayozalisha joto jingine. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likifika 41 na kuendelea kupanda, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa wenye pua fupi zilizobonyea, kama bulldog na pug, hufika huko mapema zaidi kwa sababu njia yao ya hewa ni finyu, na hali kadhalika mbwa wanene, wazee na wale wenye manyoya mazito, kama German Shepherd ambao siku hizi wamejaa katika nyumba za mitaa ya Kisasa na Area D hapa Dodoma.

MWALIMU: Watu wengi watasema basi tuchukue tahadhari mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla ya mvua, wakati Dodoma inawaka kweli.

DAKTARI: Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu miezi hiyo watu wanaogopa wenyewe bila kuambiwa. Mimi nauhofia mwezi wa saba. Mwezi wa saba asubuhi unavaa sweta, mchana upepo mkavu unavuma, ukikaa kivulini unasikia ubaridi, na jasho halionekani mwilini kwa sababu linakauka lilipotoka. Unaegesha gari huku moyo umetulia. Lakini gari halipati moto kutokana na hewa ya nje, linapata moto kutokana na mwanga wa jua, na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika kiangazi kisicho na wingu, mwanga tunao wa kutosha mwezi wowote. Mwanga unapita kwenye kioo, unapiga dashibodi na viti, vitu hivyo vinapata moto na kurudisha joto ambalo kioo hakiliachii litoke kwa urahisi, na hewa iliyopashwa haina pa kwenda.

MWALIMU: Kuna vipimo vyovyote vinavyotuonyesha ni joto kiasi gani?

DAKTARI: Vipo. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Catherine McLaren, Jan Null na James Quinn, walichapisha vipimo vyao. Walilitumia gari dogo la rangi iliyokoza katika siku 16 za anga safi, wakati hewa ya nje ilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 hivi. Kwa wastani, ndani ya saa moja joto la garini liliongezeka kwa nyuzi 22, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilikuja katika nusu saa ya kwanza. Siku zenye nafuu nje hazikulipunguza ongezeko hilo. Walijaribu pia kuacha vioo wazi kidogo, na tofauti ilikuwa ndogo mno kumwokoa mtu au mnyama. Sasa chukua mchana wetu wa mwezi wa saba wenye nyuzi 26, uongeze. Baada ya nusu saa ni kama 44, baada ya saa nzima ni kama 48.

MWALIMU: Daktari, naomba nisimulie jambo ambalo sijawahi kulisema katika kipindi hiki. Vioo kuacha wazi kidogo mimi nilifanya. Niliacha nafasi ya vidole viwili kila upande, na niliamini kabisa kwamba nimetenda haki.

DAKTARI: Simulia, Mwalimu.

MWALIMU: Ilikuwa mwezi wa saba huohuo unaousema, miaka kadhaa imepita. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro na mbwa wetu Bobi, na pale Gairo tulikula chakula huku yeye akiwa nje nasi, upepo wa ubaridi unavuma kiasi kwamba nilijifunga khanga ya pili mabegani. Tulipofika Kibaigwa nikakumbuka kwamba nyumbani mahindi yameisha. Mume wangu alikuwa ameshuka njiani kwa shughuli zake, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na Bobi. Nikaona mwarobaini mkubwa, nikaegesha chini yake, kivuli kimelifunika gari lote. Nikamwambia kwa sauti, "Nakuja sasa hivi." Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nikaulizia bei kwa mtu wa kwanza, nikahamia kwa wa pili, tukapimiana, kisha yule kijana akaenda kutafuta chenji na akachelewa kurudi. Ninapohesabu sasa, ulipita muda mrefu kuliko nilivyodhani.

DAKTARI: Na kivuli kilikuwa kimehama.

MWALIMU: Kilikuwa kimehamia upande wa pili wa barabara ya vumbi. Gari lilikuwa juani lote. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kioo cha nyuma, kimejaa mate na ukungu, hata ndani hapaonekani. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya ugali. Mpira wa mlango ulikuwa umechanwachanwa kwa kucha. Bobi alikuwa chini, kati ya viti, amejikunja pale alipodhani pana ubaridi, ulimi umekuwa wa zambarau, na aliposikia sauti yangu alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkataa. Mama mmoja aliyekuwa anauza maji alikuja na dumu la lita ishirini bila kuniuliza bei, tukammwagia. Mimi nikavua khanga, nikailowesha, nikamfunika nayo mwili mzima. Baada ya muda akanyanyua kichwa, akanywa. Nikalia kwa furaha. Nikampeleka nyumbani.

DAKTARI: Hukumpeleka kwa daktari.

MWALIMU: Sikumpeleka. Alikuwa anatembea. Jioni alikula kidogo. Kesho yake akaanza kutapika, keshokutwa akaharisha damu, na usiku wa siku ya tatu akafa kwenye mlango wa jikoni.

DAKTARI: Pole sana, Mwalimu. Pole kweli.

MWALIMU: Nimekwisha kupoa, lakini nataka unieleze, na wasikilizaji wasikie, kwa nini alifufuka kisha akafa.

DAKTARI: Kwa sababu lile joto lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake ndani, ijapokuwa nje alionekana amepona. Mwili ukishapita kiwango kile, utando wa matumbo unaharibika na sumu za bakteria zinavuja kuingia kwenye damu, figo na ini vinaumia, na mpangilio wa damu kuganda unavurugika, damu inaganda pasipotakiwa na kuvuja inapotakiwa igande. Mambo haya huonekana baada ya saa kadhaa, pengine siku moja mpaka tatu. Ndiyo maana mbwa aliyeanguka kwa joto lazima afike kwa daktari wa mifugo hata kama ameamka na anatikisa mkia, ili awekewe maji ya mshipani na aangaliwe. Siwezi kusema kwamba Bobi angepona. Naweza kusema kwamba angepata nafasi.

MWALIMU: Na ile khanga?

DAKTARI: Maji mliyommwagia ndiyo yaliyomwamsha, na yule mama alifanya jambo sahihi kabisa. Mtu akimkuta mbwa katika hali ile, amtoe garini, amwagie maji ya kawaida, mengi, tumboni, kwapani na kwenye kinena, kisha ampepee bila kukoma, kwa feni ikiwepo, kwa ungo, kwa kipande cha boksi, kwani upepo ndio unaoyageuza maji kuwa mvuke na kuliondoa joto. Apozwe kwanza pale pale, ndipo safari ya kwa daktari ianze, na njiani vioo vishushwe. Nguo mbichi ikifunikwa na kuachwa mwilini hupata joto la mbwa mwenyewe na kulihifadhi, kwa hiyo afadhali mbwa awe wazi. Akiweza kunywa, mpe maji kidogokidogo. Asiyejitambua usimtie maji kinywani, yataingia mapafuni.

MWALIMU: Nilidhani namfunika kwa huruma.

DAKTARI: Huruma ilikuwepo, Mwalimu. Naomba niongeze jambo moja linaloniuma, nalo ni buti. Watu wanaoleta mbwa kwetu kuchanjwa kichaa cha mbwa, wengi humtia kwenye buti la gari dogo ili asichafue viti, na wengine wamehamia Dodoma na familia zao kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, mbwa akiwa humo humo. Buti halina kiyoyozi, halina kioo, na gari likisimama kwenye foleni au kwenye mizani hakuna hata ule upepo mdogo uliokuwa unapenya. Mbwa huyo hata ukungu wa kioo hana wa kukuonyesha. Mtandikie turubai au gunia kwenye kiti cha nyuma, kiti kitafutwa.

MWALIMU: Na yule anayeacha injini ikiunguruma na kiyoyozi kimewashwa?

DAKTARI: Injini huzima na kiyoyozi hukata gesi bila kumwarifu aliye kwenye foleni ya benki. Sikubaliani nalo.

MWALIMU: Tuseme mimi ni mpita njia, nimemwona mbwa wa mtu ndani ya gari, anatweta sana, mate yanamiminika. Gari si langu. Nifanye nini bila kuonekana mwizi?

DAKTARI: Usiondoke hapo, na usiwe peke yako. Waite watu wawili watatu washuhudie. Andika namba za gari, mtume mmoja kwa mlinzi wa jengo au kwa anayekusanya ushuru wa maegesho, mwingine aingie maduka ya jirani atangaze namba hizo. Kwenye soko lenye kipaza sauti, kama Soko la Job Ndugai, omba kitangaze. Piga simu polisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo unachokilalamikia ni jambo la kisheria na usione haya kulieleza. Mwenye gari akija, msimtukane kwanza. Mwambieni afungue, maji yawe tayari. Mtu aliyetukanwa huwasha gari na kuondoka na mbwa wake hivyo hivyo alivyo.

MWALIMU: Hilo ni kweli. Siku ile mtu angenitukana, ningeondoka.

DAKTARI: Nasikia una mbwa mdogo sasa.

MWALIMU: Ana miezi minne. Jumamosi tunapita tena Kibaigwa kununua alizeti, na safari hii mume wangu atakaa naye nje, kwenye benchi chini ya mti, na kamba na bakuli la maji, mpaka nimalize.

DAKTARI: Ameshazoea kamba?

MWALIMU: Bado, anaitafuna. Nimenunua mbili.