Miungu Huzaliwa Penye Ugomvi: Mhadhara kwa Waandishi wa Riwaya za Njozi

Waandishi wenzangu, habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya kubuni miungu ya ulimwengu usiokuwepo. Nianze na kosa lililozoeleka. Mwandishi anachora jedwali: mungu wa vita, mungu wa bahari, mungu wa mapenzi, mungu wa mauti, kila mmoja na rangi yake na mnyama wake. Jedwali linapendeza. Kisha riwaya inaanza, kurasa mia zinapita, na hakuna mhusika aliyemhitaji hata mmoja wao ila kwa kuapa tu.

Miungu iliyoabudiwa kweli haigawanyiki hivyo. Poseidon wa Wagiriki alishika bahari, matetemeko ya ardhi, na farasi juu yake. Ogun wa Wayoruba ni wa chuma. Kwa hiyo ni wa mhunzi, wa mwindaji, wa askari, na siku hizi wa dereva pia. Warumi walikuwa na Robigus, mwenye kutu ya ngano, ule ugonjwa wa mimea. Sikukuu yake ilikuwa tarehe 25 Aprili, ngano ingali shambani, na alichinjiwa mbwa ili auzuie ugonjwa ule ule aliokuwa akiuleta. Tazameni hapo: aletaye baa ndiye anayeombwa aliondoe. Kanuni hiyo peke yake itawafaa kuliko jedwali lolote.

Basi tufanye kazi. Chukueni kisiwa cha kubuni chenye watu 3,000. Kina kisima kimoja cha maji matamu, kina mashamba ya chumvi upande wa ufukweni, na bandari ya majahazi yanayoingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Hatua ya kwanza, andikeni majanga ambayo watu hawa hawana uwezo wa kuyazuia: kisima kukauka, mvua kuharibu chumvi, upepo kuchelewa, homa inayoshuka na mabaharia, mama kufa kwa uzazi, chombo kupotea, mdeni kukana deni, moto wa makuti. Manane. Msizidishe kumi.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni kutafuta mahitaji yanayogongana. Wachota maji wanaomba mvua. Wavuna chumvi wanaomba isinyeshe, maana mvua ya usiku mmoja inarudisha majini kazi ya jua la siku nyingi. Mbingu ni moja. Hapo tayari mna mungu wa kwanza, na ana madhabahu mbili zisizosalimiana. Ya kisimani inahudumiwa na wanawake, na sadaka yake ni ndoo ya kwanza ya alfajiri, inayomwagwa chini hata mwaka wa kiu. Ya ufukweni inahudumiwa na koo za wavuna chumvi. Sadaka yake ni chumvi ya kwanza ya msimu, inayozikwa kwenye shimo kavu. Kila upande unamwita mungu huyo kwa jina lake, na kila upande una hadithi ya jinsi wenzao walivyomhadaa. Ukija ukame wa miaka miwili, wa ufukweni wanatajirika, na wa kisimani wanapanga kwenda usiku kulifukua lile shimo. Hamjaandika kisa bado, lakini visa vimeshaanza kuwafuata.

Mleteni nahodha sasa. Yeye anataka upepo. Mvua haimhusu mpaka shehena yake iwe chumvi. Anatoa sadaka pande zote mbili na haaminiwi popote.

Majanga yaliyobaki yaunganisheni kwa sababu ambayo wenyeji wangeikubali. Homa na deni lililokanwa vipewe mungu mmoja, mlinzi wa yote yanayoingia kwa njia ya bandari, kwa kuwa vyote viwili huletwa na mgeni. Uzazi na chombo kilichopotea viende kwa mwingine, kwa sababu mtoto na baharia wote ni watu wanaosubiriwa wavuke salama. Moto wa makuti uacheni bila mungu. Jambo lisilo na wa kuliliwa lina hofu ya namna yake, na litawafaa mkifika sura za mwisho. Kwa hiyo, pamoja na wa upepo anayeombwa na nahodha, miungu ni minne. Kwa riwaya ya kurasa 300, minne hadi sita yatosha. Ikizidi hapo msomaji anaanza kurudi nyuma kutafuta nani ni nani.

Tuje kwenye kafara, mahali ambapo hesabu huwaumbua wengi. Kijiji chenye nyumba 60, kila nyumba ng'ombe watatu, kina ng'ombe 180. Ukiandika kwamba kila siku anachinjwa mmoja, zizi litakuwa tupu ndani ya miezi sita. Hata mmoja kwa mwezi, 12 kwa mwaka, ni mzigo, kwa sababu si kila jike huzaa kila mwaka na si kila ndama hukua. Na nyama anakula nani? Wagiriki waliwapa miungu mifupa iliyofunikwa mafuta, moshi ukapanda juu, na watu wakala minofu. Hesiod, mshairi wao wa kale, anaeleza kwamba Prometheus ndiye aliyemfanyia Zeus, mkuu wa miungu yao, hila hiyo ya mgao. Kwa kila mungu wenu jibuni maswali manne: anayetoa ni nani, anatoa nini, lini, na kinacholiwa kinaliwa na nani. La nne mkilikosa, makuhani wenu wataishi kwa hewa.

Makuhani wakishakula, siasa imeingia. Huko Misri, Amun alikuwa mungu wa Thebes. Wafalme wa Thebes walipoitawala nchi, akaunganishwa na Ra, mungu wa jua, akawa Amun-Ra, na mahekalu yake yakajaa mali. Farao Akhenaten, yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, akamwinua Aten, duara la jua, akafuta jina la Amun kwenye mawe, akahamisha mji mkuu. Alipokufa mambo yakarudishwa. Karibu na kwetu, hekalu kuu la Mukasa, mungu wa ziwa kwa Waganda, lilikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Ssese, mbali na kasri la Kabaka. Ulizeni kisiwani kwenu vilevile: kutoka madhabahuni hadi kwa mtawala ni mwendo gani, na njia hiyo ni ya nani?

Msizisawazishe hadithi. Hesiod anasema Aphrodite, mungu wa mapenzi wa Wagiriki, alitoka katika povu la bahari. Kwa Homer, mshairi mwingine wa Wagiriki, ni binti wa Zeus na Dione. Hakuna aliyewaita wakapatanishwe. Wahusika wenu nao wabishane, na ninyi msiingilie.

Uwezo wa miungu uwekeeni mpaka mapema. Mungu akiponya kila amwombaye, homa imekwisha na kisa nacho kimekwisha. Mpaka unaofanya kazi vizuri ni wa mahali: nguvu ziishie pale sauti ya ngoma ya madhabahu inapoishia. Wa muda pia unafaa. Mpaka wa "akipenda" ni uvivu, nao msomaji huugundua upesi.

Kuna mambo ya Kiswahili chetu. Andikeni mungu kwa herufi ndogo, na mwanzoni mwa sentensi tumieni jina lake au cheo chake, la sivyo msomaji wa Kiislamu au wa Kikristo atasita kila ukurasa. Vilevile "yeye" yetu haisemi mume wala mke. Mnaweza kumficha mungu wa mvua sura kumi nzima, kisimani wakimwita mama na ufukweni wakimwita baba. Majina ya Ogun, Mukasa au Enkai wa Wamaasai yaacheni kwa wenyewe, kwani kuna wanaoyaomba hadi leo. Chukueni muundo.

Kabla ya maswali tuna dakika kumi na tano. Andikeni aya moja: mwanamke amepotelewa na mbuzi, si zaidi ya hapo, na anakwenda kwa mungu. Amebeba nini mkononi, nani anakipokea, na anaambiwa arudi lini? Atakayekwama kwenye swali lolote aniite, tuanze na orodha yake ya majanga.