Uvimbe wa Ubongo kwa Waliopandikizwa Figo

Assalaamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Chake Chake. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni uvimbe unaoota ndani ya ubongo wa mtu aliyepandikizwa figo. Hutokea kwa nadra, na kwa sababu hiyo husahaulika.

Tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, safari ya India si njia pekee tena. Mgonjwa hurudi nyumbani na figo ya nduguye pamoja na dawa za kila siku, kama takrolimusi na prednisoloni, ambazo huishusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ngeni. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo inayovidhibiti virusi vya Epstein-Barr, vilivyotangazwa London mwaka 1964 baada ya kuonekana katika vinofu vya saratani ya watoto vilivyotoka Uganda, na ambavyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni, vimelala ndani ya chembe nyeupe za damu. Kinga ikilegea, chembe hizo huweza kuzaana ovyo hata zikawa limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe, pengine ndani ya ubongo peke yake, tena miaka kadhaa baada ya upasuaji.

Mgonjwa huumwa na kichwa kisichoachia, huchanganyikiwa, hushikwa na degedege au hulegea upande mmoja. Mara nyingi mkewe au mama yake ndiye anayegundua kwanza kwamba tabia imebadilika, na majirani husema ni shetani. Kumsomea sikatazi hata kidogo; ninachoomba ni kwamba kisomo kisimcheleweshe kufika hospitali.

Kwenye picha ya kichwa ya MRI uvimbe huu hufanana na kifua kikuu cha ubongo au jipu, kwa hiyo aghalabu hulazimu kukatwa kinyama kikapimwe. Tiba huanza kwa daktari kupunguza dawa za kushusha kinga. Mgonjwa akiziacha mwenyewe, figo inaweza kukataliwa. Hufuata rituksimabu, dawa inayoziua chembe hizo zilizogeuka saratani, au mionzi, au dawa ya saratani iitwayo methotreksati, ambayo nayo ni nzito kwa figo. Hapo madaktari hulazimika kupima kati ya ubongo na figo, na huenda mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafishia damu ili aokolewe. Mgonjwa akiridhia, naona ni haki ndugu aliyeitoa figo ile aelezwe mapema, kwa upole, naye akiwa amekaa pamoja na familia.