Mikono Mapajani

Ndugu zangu mnaojiandaa kuwa wakufunzi wa urubani, asanteni kwa kunialika. Nitaanza na mikono yangu, maana ndiyo iliyochelewa kufundishika kuliko mwanafunzi yeyote.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilikuwa na kijana mmoja msikivu, ila kutua kulimshinda. Kila tukikaribia lami alichelewa kuinua pua ya ndege, nami navuta usukani kidogo tu, kwa vidole viwili. Tunatua salama, namsifu, naye anaamini katua yeye. Siku moja mkufunzi mkuu akaruka naye, akakunja mikono. Ndege ikadunda kama mpira. Akaniita pembeni: "Huyu hujamfundisha. Aliyekuwa akijifunza kutua ni wewe." Saa 40 ambazo kanuni za kimataifa zinadai kwa leseni ya rubani binafsi zinaweza kuisha hivyohivyo, daftari limejaa, mkono mtupu.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1917, vita vikiendelea, Robert Smith-Barry alianzisha shule huko Gosport, Uingereza. Vijana wengi walikuwa wakifia mafunzoni kabla ya kumwona adui, na mkufunzi aliyehofia roho yake hakumwachia mwanafunzi kitu. Smith-Barry aligeuza mambo. Katika ndege aina ya Avro yenye usukani wa pili, mwanafunzi alipelekwa makusudi kwenye yale yaliyoogopwa, hata ndege kushuka ikizunguka kama pia, ili ajue njia ya kutoka. Mkufunzi alimsemesha kwa bomba lililofika masikioni mwake. Sauti ilikwenda upande mmoja tu. Mwanafunzi hakuwa na pa kujibia. Sisi leo tuna maikrofoni mbili, na bado wengi wetu tunafundisha kwa bomba lile.

Mimi siku hizi namtaka mwanafunzi aseme kwanza anachokiona. Hasa tunapofanya zoezi la bawa kuacha kubeba. Ukizidi kuinua pua, hewa hushindwa kufuata mgongo wa bawa, na ndege huanza kuzama. Mwili ukihisi kuzama, unavuta. Dawa ni kusukuma: shusha pua bawa lishike hewa, ongeza nguvu ya injini. Ubaoni kila mtu anaelewa, lakini mkono hauna habari na ubao. Kwa hiyo tukiwa juu vya kutosha nakaa, mikono mapajani, namwacha avute, azame, ajitoe.

Karibu na ardhi ni habari nyingine. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na saa nane mchana, jua likiwaka, Cessna ileile iliyopaa vizuri alfajiri itakula lami ndefu zaidi. Kosa la namna hiyo simwachi mtu alionje. Hesabu tunazimaliza mezani, na wakati wa kutua mkono wangu uko tayari, ila haugusi.

Yule kijana nilirudishiwa. Tukadunda asubuhi nzima, mgongo wangu unaujua. Mara moja magurudumu yakagusa kimya. Akanigeukia, jasho linamtiririka: "Mwalimu, hiyo ilikuwa yako au yangu?"

Nikamwonyesha viganja vyangu.