Ndiyo ya Nani?
Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni hiki kioo cha maabara, chenye tone moja la damu lililokauka. Cha pili ni pakiti hii ya unga. Mbele wamechora tufaha, chini yake wameandika kwa herufi kubwa: seli shina. Vyote nimepewa na mama mmoja wa mwambao wetu huu, na ameniruhusu nivilete bila kumtaja. Damu ni ya mwanawe. Pakiti aliuziwa, kumi kwa mpigo, na ili azilipie aliuza nyavu na taa alizoachiwa na marehemu mumewe.

Tuanze na kioo. Ukikitazama kwa hadubini unaona seli nyekundu za damu. Zilizo nzima ni duara, zimebonyea katikati kama donge la unga lililobonyezwa kwa kidole gumba. Katikati yao zimo nyingine nyembamba, zimejikunja, zina ncha huku na huku. Aliyeuita ugonjwa huu selimundu aliona vizuri. Seli ya namna hii hunasa kwenye mishipa midogo, wenzake hujazana nyuma yake, na hapo ndipo mtoto anaamka usiku wa manane ameshika miguu, analia. Seli nzima huishi siku 120 hivi. Yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20. Mwili hauwahi kufidia, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano. Chanzo cha yote ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, naye mtoto kairithi kwa baba na kwa mama.

Sasa damu inatengenezwa wapi? Kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Hapa Kigoma sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mtazameni mchikichi. Makuti ya chini yanakauka, yanakatwa, na mengine yanachomoza juu, mwaka hadi mwaka. Yote yanatoka kwenye ule moyo mmoja wa kileleni. Ukiukata moyo, mti utasimama kwa muda, lakini umekwisha. Seli shina ndiyo moyo huo. Ikigawanyika, inaacha nyingine kama yenyewe na inazaa ile yenye kazi: ya kubeba hewa, ya kupigana na vijidudu, ya kugandisha damu kwenye jeraha. Mwaka 1961, kule Toronto, James Till na Ernest McCulloch walichukua panya waliopigwa mionzi, wakawadunga uboho wa panya wazima. Kwenye bandama zao vikaota vivimbe vidogo, na kila kivimbe kilitokana na seli moja. Huko ndiko tulikoanza kuzijua.

Kwa hiyo huu unga ni nini? Tuchukulie kwamba kweli una seli za tufaha. Tumbo litazisaga kama linavyosaga ugali. Na hata ingepenya moja ikiwa hai, seli ya tufaha inachojua ni kutengeneza tufaha. Seli shina za mtu zinazotumika kutibu ni vitu hai, zikihitaji kuhifadhiwa huwekwa kwenye baridi kali mno, hutiwa mshipani na madaktari. Hazikai kwenye pakiti ndani ya kiroba. Yule mama aliambiwa aache dawa za kliniki ili unga ufanye kazi. Akaacha. Wiki chache baadaye mtoto alilazwa, hana damu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama alisema ndiyo kwa jambo ambalo hakuelezwa ukweli wake, na ndiyo ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa.

Tiba ya kweli ipo. Kupandikiza uboho si jambo geni: E. Donnall Thomas alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Hapa kwetu Muhimbili walianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lakini nisiwadanganye kama walivyodanganywa wengine. Kwanza uboho wa mgonjwa unaangamizwa kwa dawa kali. Dawa hizo zinaweza kumnyima uzazi huko mbele, na wapo wanaofariki. Tena anatakiwa mtoaji anayelingana naye, na kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne.

Hapa kwa ndugu ndipo pananinyima usingizi. Baba mmoja aliniuliza, "Dada, mtoto wa miaka saba anakataaje?" Nilinyamaza. Mtoto anajua kaka yake anaumwa. Anaona bibi, shangazi, mama, wote wanamtazama. Atasema nini zaidi ya ndiyo? Uboho unachotwa kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Atasikia maumivu siku kadhaa, na uboho utajirudishia wenyewe. Hatari yake ni ndogo, ila ipo, na ugonjwa si wake. Ninavyoona mimi, lazima awepo mtu mmoja anayesimama upande wa mtoaji peke yake, asiye daktari wa yule mgonjwa, wala si mjomba aliyekwisha kuchanga nauli.

Najua wengine mmekuja kusikia habari za viinitete, yaani mwanzo kabisa wa mtoto, yai likisharutubishwa. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alipata seli shina kutoka viinitete vya binadamu vya siku chache, vilivyobaki kwa watu waliotafuta mtoto kwa njia ya maabara, wakaridhia vitumike. Seli hizo zinaweza kuwa moyo, neva, chochote, lakini kiinitete kinakufa. Kanisa Katoliki linasema uhai una heshima yake tangu kutungwa mimba. Masheikh wengi wanarejea hadithi ya Mtume, kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1990, iliweka mpaka wa siku 14, kiinitete kisikuzwe maabara zaidi ya hapo. Mimi si padri wala sheikh, sitawaamulia. Ila kinachofanyika kwa asiyeweza kusema ndiyo wala hapana kifanywe kwa hofu.

Kisha Shinya Yamanaka wa Japani, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, akairudisha seli ya kawaida ya mwili utotoni mwake kwa jeni nne tu, ikawa kama seli shina ya kiinitete. Akapewa Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Watu wakasema mjadala umekwisha, maana hakuna kiinitete kinachouawa. Mimi nasema swali la ridhaa bado lipo, maana naukumbuka mkasa wa Korea Kusini. Hwang Woo-suk alidai amepata seli shina kwa njia ya kunakili viinitete. Mwaka 2006 makala zake zikafutwa kwa kuwa matokeo yalikuwa ya kutunga. Na ikajulikana kwamba miongoni mwa waliotoa mayai ya uzazi walikuwamo watafiti wa chini yake mwenyewe. Binti anamkatalia vipi bosi wake? Na sisi wauguzi na watu wa maabara tujiulize: mama wa Kakonko anayeongea Kiha, amelala wodini siku tatu na mgonjwa, ukimpa fomu ya Kiingereza ukamwonyesha pa kuweka dole gumba, umemuuliza kitu gani?

Yule mama wa nyavu ana watoto wengine wawili, na wanakwenda kupimwa. Juzi yule mdogo aliniuliza kama sindano ya uboho ni kubwa. Nikamwambia ni kubwa, ila atakuwa amelala, na akiamka nyonga itauma. Akasema anataka kufikiri kwanza.

Tunamsubiri.